Mama: Yu Hai. Ameachwa.

4 Machi

Baba yangu,

Kwanza naomba uketi. Najua barua zangu unazisoma umesimama, penseli sikioni, jicho moja liko kwenye msumeno. Hii isome umekaa.

Nimefika salama na nimepata chumba. Kiko juu ya karakana ya wachomelea vyuma, kwa hiyo sakafu inatetemeka tangu asubuhi na najiona kama niko nyumbani. Kazi nayo imepatikana: mimi ni karani wa mapokezi kwenye kliniki ya meno. Watu wanakuja wamevimba mashavu, nami nawauliza jina, umri na anwani wakati hata mdomo hawawezi kuufungua. Ungeniona ungecheka.

Sasa lile ambalo hutalipenda. Jumamosi nilikwenda kwenye Makao ya Watoto ulikolelewa. Nilimkuta Katibu wao, mama mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nilipomwambia mimi ni mtoto wa yule seremala aliyetengeneza meza za bwalo lao, alinikaribisha chai, akaniletea kadi yako. Nimeinakili yote, haikunichukua muda:

"Mvulana. Umri: miaka miwili hivi. Baba: hajulikani alipo. Mama: yu hai. Ameachwa."

Katibu anasema kadi hizi zilifupishwa kutoka kwenye kitabu cha zamani, na humo kila mtoto ana ukurasa wake mzima. Kuusoma, lazima wewe mwenyewe utoe ruhusa na utie saini. Mwisho wa Mei vitabu vinahamishiwa makao makuu, na vikishaingia huko havitoki tena. Fomu ya ruhusa nimeiweka humu. Nataka kujua bibi yangu alikuwa nani, Baba. Ni hilo tu.

Mkwe wako hajambo.

Wako,
Msumari

*

15 Machi

Binti yangu,

Nimeisoma nikiwa nimesimama, kwa ukaidi tu.

Jina la Msumari nilikupa mwenyewe, kwa sababu ukishaingia mahali hung'oki, kwa hiyo lawama nyingine ni zangu. Lakini hapa umegonga pasipoingilika. Fomu yako nimeirudisha kwenye bahasha hii, tupu kama ilivyokuja.

Na kadi hiyo usinisomee. Nilisomewa na Mlezi Mkuu siku niliyotolewa kwenda kujifunza ufundi. Alinisimamisha mbele ya meza yake, akasoma neno kwa neno, kisha akanifafanulia nisije nikatoka pale na ndoto: "Mama yako yu hai, ila alikuacha. Usimtafute." Ndevu za kwanza zilikuwa zinaniota kidevuni. Nikasema ahsante, nikabeba sanduku langu.

Angekuwa amekufa ningemlilia kama watu wengine wanavyowalilia mama zao. Lakini yule alikuwa hai, Msumari. Mwanamke mzima, macho anayo, miguu anayo, akanitua chini akaenda zake. Mtu wa namna hiyo simtafuti, na kaburi lake silitafuti pia.

Nimejenga nyumba kwa mikono yangu, nikamwoa mama yako, Mungu amrehemu, nikakulea wewe. Sikuazima ukoo wa mtu. Ukoo huu umeanza na mimi, na ukitaka pa kuanzia kuhesabu, anzia hapa.

Halafu mkwe wangu ana nini siku hizi? Zamani kila barua yako alikuwa anaongeza maneno yake pale chini, kunitania kuhusu timu yangu. Safari hii pale chini hapana kitu.

Baba yako

*

22 Machi

Baba,

Fomu hiyo hapo, inarudi kwako. Tutarushiana mpaka tumjue nani mwenye kichwa kigumu zaidi, ingawa jibu tunalo wote.

Wewe umeamua humtaki. Sawa, ni haki yako, ulilala wewe kwenye vile vitanda vya chuma. Mimi sijaamua lolote kwa sababu sijaambiwa lolote. Maneno mawili ya kadi si mtu. Wagonjwa huku wananiuliza paji hili la uso nimelitoa wapi, nasema kwa baba, wakiuliza baba kalitoa wapi nabaki kutabasamu kama mjinga. Huyo uliyemkataa ni mama yako, lakini bibi ni wangu, na mimi sijamkataa.

Mkwe wako ana kazi nyingi.

Msumari

*

28 Machi

Mpendwa Mzee Seremala,

Salamu kutoka kwa Kamati ya Makao, wafanyakazi na watoto wote.

Tunayo furaha kukujulisha kwamba tarehe 12 Juni Makao yataadhimisha miaka mingi ya huduma, na tungependa uwe mgeni wetu wa heshima, safu ya mbele. Tunaandaa pia kijitabu cha wafadhili. Tunaomba ridhaa yako kuchapisha picha yako na maneno yafuatayo: "Mama yake alimtupa. Makao yakamwokota, na leo ni fundi anayeheshimika."

Tafadhali tia saini mahali palipowekwa alama na uturudishie mapema.

Wako katika huduma,
Katibu wa Makao

*

9 Aprili

Binti yangu,

Leo nimetia saini. Usirukeruke, si ile yako. Ni ya Makao. Wanataka kuniweka kwenye kijitabu, niseme mama alinitupa na wao wakaniokota. Nimeisoma mara mbili, ikanichoma kidogo, kisha nikajiambia, sasa unachomwa na nini wakati ndiyo kweli yenyewe? Nikasaini, nikaituma. Angalau wao wanasema waziwazi, hawanizungushi.

Picha waliyonayo ni ile niliyovaa suti ya kuazima. Watu watadhani nimetoka kumzika tajiri.

Na sasa nakuuliza bila kupindisha, nijibu vivyo hivyo. Nimemwandikia mkwe wangu kwa anwani yenu ya zamani, bahasha ikiwa na majina yenu wawili, barua imerudi ikiwa na mwandiko wake mwenyewe: "Hayupo hapa." Nani hayupo? Yeye, au wewe?

Baba yako

*

17 Aprili

Baba,

Usitume kitu kingine chochote Makao mpaka umalize barua hii.

Jana alikuja kliniki mama mmoja na mtoto wake wa kiume, jino limeoza. Watoto wana fomu yao: jina, umri, mstari wa baba, mstari wa mama. Kwenye mstari wa mama tunaandika kama yupo na hali yake ya ndoa, maana daktari anataka kujua nani wa kuruhusu jino ling'olewe. Nikamuuliza yule mama kama ameolewa. Akanijibu kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, "Niliachwa, dada. Andika hivyo hivyo, siogopi." Nikaandika. Kisha nikasoma nilichoandika kwa mkono wangu: Mama: yu hai. Ameachwa.

Nilishindwa kumwita mgonjwa aliyefuata. Mwenzangu akadhani nimeumwa ghafla.

Baba, rudia kadi yako polepole. Neno lile liko kwenye mstari wa mama. Aliyeachwa ni yeye. Ni mumewe aliyempa talaka. Hakuna palipoandikwa kwamba yeye alimwacha mtu. Mlezi Mkuu alilisoma kama linakuhusu wewe kwa sababu mbele yake alisimama mvulana wa Makao, na kwa macho yake mvulana wa Makao hana sifa nyingine zaidi ya kuachwa. Wewe ulimwamini, ulikuwa kijana. Mimi nami nikalisoma vivyo hivyo, na sina kisingizio.

Sina kisingizio kwa sababu neno hilo ni langu pia. Fomu yangu ya ajira hapa kliniki nimetia tiki kwenye "ameachwa." Asiyekuwepo kwenye anwani ile ni mimi. Sikukwambia kwa sababu ulimpenda yule bwana, na kwa sababu nilikuwa naona aibu. Aibu hiyo nimeichoka na leo naivua. Na kwa usahihi, mimi niliondoka mwenyewe, talaka ikanifuata nyuma, ila kwenye fomu hakuna kisanduku cha hilo.

Kwa hiyo nifokee unavyotaka, nitanyamaza. Lakini usimwite tena bibi yangu mtu aliyekutupa mpaka tusome ukurasa wake. Fomu nyingine imo humu ndani. Tia saini, Baba. Tafadhali.

Msumari

*

24 Aprili

Binti yangu,

Nimetia saini. Jina nimeliandika kwa herufi kubwa wasije wakasema halisomeki.

Barua yako niliisoma nimekaa. Nilifunga karakana mchana kweupe, wateja wakagonga wakachoka.

Bado simwamini huyo mama. Kitu nilichokibeba tangu ujana hakiwezi kutuliwa kwa barua moja. Inawezekana aliachwa na mumewe, naye akaniacha mimi, yote mawili yanaweza kumpata mtu mmoja. Kwa hiyo soma ukurasa wote na usinifiche hata nukta. Ikiwa ni mabaya, niandikie mabaya yake, nina kifua.

Kuhusu hilo lako: nimekasirika, tena sana, lakini si kwa talaka. Nimekasirika kwamba yalikukuta ukayameza peke yako, na mimi huku mzee mzima namtumia salamu mtu ambaye si wetu tena. Ulidhani ningekufungia mlango? Mimi? Hilo ndilo lililoniuma.

Baba yako

*

6 Mei

Baba,

Niliomba ruhusa kazini nikaenda. Katibu aliweka kitabu mezani, akakaa upande wa pili akijifanya anapanga bahasha. Nimenakili kama kilivyoandikwa, sikupunguza wala kutia chumvi:

"Mtoto ameletwa na mama yake mwenyewe. Ana homa, amekonda. Mama ameachwa na mumewe, hana makazi. Anaomba atunziwe mtoto mpaka apate kazi. Amekataa kuweka dole gumba kwenye hati ya kumtoa mtoto moja kwa moja."

"Mama amekuja. Amepata kazi ya kufua na chumba. Anaomba mtoto wake. Ameelezwa kwamba Makao hayamkabidhi mtoto kwa mwanamke asiye na mume. Aje na mume."

"Mama amekuja tena. Ameelezwa kama awali. Amejibu kwamba yeye hatafuti mume, anatafuta mtoto."

"Mama amekuja tena. Amepiga kelele getini, amesumbua darasa. Mlinzi ameagizwa asimfungulie."

Basi. Baada ya hapo ni uzito wako, chanjo zako, surua uliyougua, na siku uliyopelekwa ufundi. Yeye hatajwi tena. Nilimuuliza Katibu kama hiyo maana yake ni kwamba hakurudi. Alivua ile miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Akasema, "Hiyo maana yake ni kwamba hakufunguliwa. Asiyefunguliwa, haandikwi."

Jina lake lipo. Nimeliandika kwenye karatasi ndogo niliyoikunja, imo kwenye bahasha hii. Lifungue wewe kwanza. Mimi bado sijalitamka mbele ya mtu.

Nililia pale pale mbele ya Katibu. Baadaye njiani nikakasirika, na machozi yamekauka lakini hasira bado iko mbichi. Kijitabu kimeshapelekwa kiwandani, Baba. Kitasema alikutupa, na saini iliyoruhusu ni yako.

Msumari

*

13 Mei

Kwa Katibu wa Makao,

Mimi ndiye seremala mliyenitumia karatasi ya ridhaa. Saini niliyotia naiondoa. Nilisaini uongo kwa sababu nilifundishwa uongo huo ofisini kwenu, na mtu niliyepaswa kumwamini.

Mama yangu hakunitupa. Alinileta nikiwa mgonjwa, akaniombea hifadhi, akarudi kunichukua. Mlimnyima. Alirudi tena mkamnyima, akarudi tena mkamfungia geti. Haya siyasemi mimi, yamo kwenye kitabu chenu, kwa wino wenu. Tangu ujana wangu nimemchukia mwanamke huyo. Nimemkataa mbele ya mke wangu na mbele ya mtoto wangu. Siku ya harusi yangu, walipouliza upande wa mama, nilisema hakuna. Hayo nani atanirudishia?

Nataka maneno ya kijitabu yabadilishwe. Andikeni hivi: "Mama yake alimleta akiwa mgonjwa na akarudi kumchukua. Makao yalikataa." Ni mafupi, yataenea.

Seremala

*

20 Mei

Mpendwa Mzee Seremala,

Kamati imepokea barua yako kwa masikitiko na kuijadili kwa kina. Tunasikitika kukueleza kwamba vijitabu vimekwisha kuchapwa. Hata hivyo, kwa heshima yako, Kamati iko tayari kubandika kikaratasi juu ya sentensi inayohusika.

Kamati inaona kwamba suala la talaka halipendezi mbele ya wageni na linaweza kumvunjia heshima marehemu mama yako. Suala la geti nalo linaweza kueleweka vibaya, kwa kuwa zama zile zilikuwa na taratibu zake. Tunapendekeza kikaratasi kisomeke: "Mama yake alifariki yeye akiwa bado mdogo." Maneno haya hayamuumizi mtu yeyote.

Tunatumaini utaafiki na kwamba tutakuwa nawe tarehe 12 Juni.

Wako katika huduma,
Katibu wa Makao
kwa niaba ya Kamati

(Kwa mkono, chini ya muhuri:) Mzee wangu, ya juu yametoka kwa Kamati, mimi nimepiga chapa tu. Haya ni yangu. Kitabu nimekizuia kisiondoke, nimewaambia kinashonwa jalada. Na kiti chako siku hiyo kitakuwa kile kilicho karibu kabisa na kipaza sauti.

*

28 Mei

Binti yangu,

Barua yangu kwa Kamati naiweka humu kabla sijaifunga, uisome wewe kwanza. Ukiona pana neno lililolegea, likaze.

Jina lake nililifungua mbele ya benchi langu la kazi. Nimelitamka. Mara ya kwanza halikutoka vizuri, mdomo haukulizoea. Sasa linatoka.

Nimejaribu kuikumbuka sauti yake pale getini. Darasa lililosumbuliwa huenda ndilo nililokuwamo. Sikumbuki kitu, Msumari. Nimetafuta kila pembe ya kichwa changu, hamna. Sitaitunga sauti hiyo ili nijiliwaze. Nitachukua yale aliyosema, kwa sababu hayo yapo.

Nitakuja tarehe kumi na moja, tulale hapo kwako juu ya hao wachomelea vyuma, asubuhi twende pamoja. Vaa vizuri. Mimi suti siazimi tena.

Baba yako

*

28 Mei

Kwa Kamati ya Makao,

Kikaratasi chenu sikitaki.

Kwanza mlinipa mama aliyenitupa, sasa mnanipa mama aliyekufa mapema. Wote wawili si wangu. Wangu ni yule aliyepiga kelele getini. Mnasema talaka yake itamvunjia heshima. Alipewa talaka na mwanamume, hilo ni la mwanamume huyo. Yeye alipata kazi, akapata chumba, akaja kumdai mtoto wake, na mlipomwambia akalete mume akawajibu vizuri kuliko ambavyo mimi nimewahi kumjibu mtu. Ikiwa hapo kuna wa kuona aibu, mtafuteni upande wa ndani wa geti.

Mnasema zama zile zilikuwa na taratibu zake. Naye alikuwemo kwenye zama hizo hizo, na alizikataa.

Mmenialika na nitakuja. Kijitabu chenu kikisomwa pale mbele, kikifika kwenye ile sentensi, nitasimama. Sihitaji ratiba wala dakika za kupewa, sauti yangu ni ya karakana, imezoea kushindana na misumeno. Nitasema jina lake kamili, kisha nitasema mama huyu alirudi. Wafadhili wakiuliza maswali, wajibuni nyinyi.

Binti yangu atakuwa pamoja nami. Karatasi zake zinasema ameachwa, ingawa ukweli ni kwamba aliondoka mwenyewe. Atakaa safu ya mbele, kando yangu, na hatakuja na mume.

Tukifika getini mlinzi ataleta kitabu cha wageni na kuniuliza aniandike nani. Mwambieni mapema asiandike seremala, wala mgeni wa heshima. Aandike: mtoto wa mwanamke aliyeachwa. Na safari hii lisomeni vizuri.

Mimi,
mtoto wake